Magoti Yangu na Sufuria za Mama Mdogo

Kwetu mtu akikukaribisha kinywaji, anakionja yeye kwanza. Chupa inafunguliwa mbele ya macho yako, mwenye nyumba anamimina kidogo, anakunywa, ndipo anakupa. Mgeni wa mbali hudhani ni adabu tu. Ni adabu kweli, lakini imezaliwa na hofu, na hofu hiyo inaitwa karuho, sumu ya polepole. Aliyewekewa karuho hafi leo wala kesho. Anakonda, anaharisha, tumbo linamkata, anaisha kidogo kidogo mbele ya watu wake. Sijui familia ya Butembo au Beni isiyo na mtu anayesemekana alikufa hivyo, na mwingine anayesemekana ndiye aliyemwekea. Katika familia yetu aliyesemwa ni mama mdogo, na aliyewekewa ni mimi.

Nilikuwa msichana wa sekondari nilipopelekwa kwake Bungulu, mjini Beni. Alikuwa mdogo wake mama, wa mwisho kuzaliwa. Hakujaliwa mtoto, na mume wake alikuwa ameondoka zamani kwa sababu hiyo hiyo. Nyumbani kwetu Vulamba, huko Butembo, tulikuwa wengi kwenye sahani, basi mama akanipeleka kwa mdogo wake ili nyumba zote mbili zipumue. Mama mdogo aliwauzia chakula madereva wa malori: wali, maharagwe, sombe la majani ya mihogo, ndizi za kupika, na makayabu, yaani samaki wa chumvi, siku ambazo biashara ilikwenda vizuri. Alikuwa na sufuria kubwa kubwa alizozisugua kwa mchanga mpaka unajiona uso. Ulimi wake pia ulikuwa umesuguliwa. Dereva akilalamika kwamba nyama ni chache, alimjibu, "Ngombe alisikia weye njo unakuya, akakimbia na nyama ingine."

Tumbo lilianza kwanza. Lilinikata asubuhi darasani, nikaomba ruhusa, nikatoka, nikarudi, nikaomba tena, mpaka mwalimu akaanza kunikata jicho. Baadaye nikaona damu. Sikumwambia mtu, maana msichana wa umri ule afadhali afe kuliko kusema mambo ya msalani. Kisha goti la kulia likavimba, likawa la moto, ngozi ikavutika na kung'aa. Nilipoanza kulizoea, maumivu yakahamia kifundo cha mguu wa kushoto, yakaenda kwenye mkono, yakarudi magotini, safari hii yote mawili. Yalitembea mwilini mwangu kuliko mimi nilivyotembea mjini. Asubuhi ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nilitoka kitandani nimekakamaa, nikishika ukuta.

Ubaya wenyewe ni kwamba tumbo na magoti hayakuelewana hata siku moja. Tumbo linasema kimbia, magoti yanasema ngoja. Niliaibika mara nyingi kati ya mlango wa nyumba na mlango wa msalani, na mama mdogo alifua nguo zangu bila kuniuliza neno. Alikuwa akiamka mapema kuwasha moto wa biashara. Maji ya kwanza kuchemka hayakuwa ya wali, yalikuwa yangu. Alichovya kitambaa, akakikamua, akanifunga magoti, akakaa kwenye ukingo wa kitanda kunisubiri.

"Usisimame mbio," alikuwa akiniambia. "Salimia magoti kwanza. Uliza kama ililala muzuri."

Nami nilikuwa nayasalimia kweli, kwa sauti, yeye akicheka. Nilikunja kidogo, nikanyoosha, nikakunja tena, mpaka yakubali. Madaktari niliowapata baadaye hawajanifundisha njia bora kuliko hiyo ya kuianza siku.

Ndipo vita vya kwanza vikatufikia. Askari wa serikali ya zamani walikuwa wameshindwa vitani na wanakimbia kutoka kusini, na kwa kuwa hawakulipwa muda mrefu, walijilipa wenyewe nyumba kwa nyumba. Majirani wote wakatoka kwenda mashambani. Mimi siku ile sikuweza hata kukunja goti. Mama mdogo alizitazama sufuria zake, akanitazama mimi, akaziacha. Alinifunga mgongoni kwa kitenge, akapitisha kamba ya kuni kwenye paji la uso wake kama wanawake wetu wanavyobeba mizigo, akainama, akaenda. Nilikuwa mkubwa karibu sawa naye. Nilimsikia anavyopumua kwa shida, nikamwomba aniweke chini.

"Nyamaza," alisema. "Usinipotezeshe pumuzi ya kukujibu."

Tulikaa mafichoni katika shamba la kahawa. Mvua ilitunyeshea, baridi ikaingia kwenye viungo vyangu, na tumbo halikujua kwamba kuna vita, liliendelea na kazi yake. Alinichimbia shimo kwa jembe la kuazima, akanishika chini ya makwapa nikichuchumaa, akafukia, akachimba jingine. Watu wengine wa umri wangu wakisimulia vita vile, husimulia risasi. Mimi nakumbuka jembe. Tuliporudi, sufuria zote zilikuwa zimekwenda na askari. Alikaa kizingitini akalia kidogo, akajifuta, kisha akaenda kukopa sufuria moja kwa jirani ili anipikie uji.

Barabara ilipofunguka alinipeleka mwenyewe Butembo. Baba aliponiona nikishuka kwenye lori, nimekonda, nashikiliwa, alishika kichwa. Baba yangu alikuwa shemasi wa kanisa la Kiprotestanti na muuza vitambaa sokoni. Jumapili alituonya tuachane na waganga. Katikati ya juma alinipeleka kwa mganga, kwa njia ya nyuma, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi. Mganga alikuwa mama mmoja wa huko vilimani anayejulikana kwa kutoa karuho. Alininywesha mizizi michungu, nikatapika mpaka nikaona nyota, naye akachungulia ndani ya beseni.

"Ni mutu wa damu yako," akasema. "Ni kwenye ulikuwa unakulaka kila siku."

Kazi kubwa! Msichana ametoka kuishi kwa ndugu wa mama yake, amekonda, anaharisha damu; hata mimi ningeweza kubuni hilo bila beseni. Lakini baba alilibeba neno lile nyumbani. Hakulitangaza. Alimwambia mama chumbani, na mama akatoka macho mekundu, akakaa jikoni akichagua mchele ambao ulikuwa umeshachaguliwa.

Kwa upande wa magoti, baba hakutegemea mganga. Alinipeleka kwenye zahanati moja ndogo, muuguzi akayabonyeza, akasema ni rhumatisme, yaani baridi yabisi, akaandika vidonge. Vidonge vile vilikuwa muujiza. Uvimbe ulishuka, moto ukazimika, nikaweza kuteremka kilima hadi kanisani kwa miguu yangu. Baba alitembea kando yangu akiwasalimia watu wote, hata wasiomjua. Tangu siku hiyo alikuwa akitembea na pakiti ya vidonge mfukoni mwa koti lake, na kila asubuhi alinipa kwa mkono wake mwenyewe.

Mama mdogo alikuja kunitazama siku hizo hizo. Alisafiri kutoka Beni na kapu la maharagwe na mchuzi wa makayabu, chakula nilichokuwa nakipenda. Alijua linalosemwa, hakuna siri inayolala kwenye lori. Basi aliketi sebuleni, akafunua kila chombo, akaonja kila kitu mbele ya baba, mbele ya mama, akatafuna polepole wote wakimwona, akameza. Mwanamke aliyenibeba mgongoni. Nilikula kidogo. Siku mbili baadaye nilitokwa na damu nyingi kuliko wakati wowote, nikazirai msalani.

Baba alikuwa amepata ushahidi wake. Mama mdogo alikuwa bado kwetu, ananifunga magoti kwa maji ya moto, alipoitwa mlangoni. Niliwasikia kutoka kitandani.

"Shemeji, aksanti kwa yote," baba alisema. "Lakini usimuletee tena mutoto wangu chakula."

"Mie nilionja mbele yenu bote."

"Bale banaonjaka, njo banajua fasi kwenye banaweka sumu."

Nilimngoja mama aseme kitu. Alikuwa amesimama pale pale nyuma ya mumewe, nilikiona kitenge chake kupitia mlango. Hakusema. Mama mdogo akarudi chumbani, akakimalizia kitambaa alichokuwa amekianza, akafunga fundo vizuri, akachukua kapu lake. Nilimshika mkono. Akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa wakati ule, nikadhani ni hasira tu.

Sikuwahi kuamini neno lile, na nililia kwa uchungu, na nilimwambia baba kwamba si kweli. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba mgonjwa hawezi kujua. Juma lile lile alifunga kamba nene kwenye boriti ya msalani ili niishike ninapochuchumaa na kunyanyuka, maana magoti yalikuwa yananiangusha. Aliijaribu yeye kwanza, na uzito wake wote, kuhakikisha haikatiki. Ningependa kumchukia baba yangu, lakini kila nikianza naikumbuka kamba ile.

Neno la nyumbani kwetu lilifika Bungulu. Mama mdogo alikuwa ameanza tena biashara kwa sufuria mpya, mbili ndogo na moja kubwa. Madereva waliomtania na kucheka wakaanza kusimamisha malori mbele kidogo, kwa mwanamke mwingine. Wengine waliingia, wakaomba chai, wakaiacha ipoe mezani. Vita vya pili vilipoanza, na waasi wakaja na kugawanyika na kupigana wao kwa wao, yeye aliuza kiwanja chake akahamia Eringeti, kaskazini, kwenye barabara ya kwenda Ituri, mahali ambapo hakuna aliyemjua.

Miaka ile nilijifunza kuishi na mwili wangu kama mtu anayeishi na mwenye nyumba mkorofi. Nilijua vyoo vyote vya Vulamba na tabia za wenyewe. Niliacha shule, nikamsaidia baba dukani, nikikaa juu ya gunia la vitambaa, miguu nimeinyoosha. Maumivu yalikuja na tumbo, yakapungua na tumbo. Hilo nililiona mwenyewe, lakini nani angenisikiliza? Yakizidi, baba aliingiza mkono mfukoni akatoa kidonge. Magoti yakapoa, tumbo likachafuka, na ndani ya nyumba wakasema karuho bado haijatoka yote.

Kisha mama akafa. Ilikuwa malaria, katika kipindi ambacho zahanati zilikuwa zimeporwa na barabara zimefungwa. Mama mdogo alifika kutoka Eringeti, sehemu kwa lori, sehemu kwa miguu, amechelewa kumwona dada yake uso. Kwetu kwenye matanga wanawake wa familia ndio wanaopika. Ndugu wa marehemu hushika moto. Alifunga kitenge kiunoni akaelekea jikoni. Shangazi zangu, dada za baba, walisogea wakaziba mlango, bila kelele, bila tusi. Mmoja wao akampa ufagio.

Alifagia. Siku zote za matanga alifagia ua, chini ya viti vya watu, mbele ya kanisa, alifagia mahali palipokwisha fagiliwa. Nilimkuta nyuma ya nyumba nikamkumbatia, nikamwomba anisamehe kwa ajili ya wote. Alinigusa shavu. "Magoti iko namna gani?" aliuliza, na hakutaka kuzungumza jambo lingine.

Jibu lilikuja tulipokuwa hatulitafuti tena. Nilikuwa nimezidiwa, na baba akanipeleka kwa daktari mmoja kijana aliyekuwa amerudi kutoka masomoni. Wengine wote walinishika tumbo au wakanishika magoti. Huyu aliuliza kipi kilianza kwanza, na kama vinakuja pamoja, na kama macho yangu yaliwahi kuwa mekundu. Nikamjibu kila kitu, hata ya msalani, baba akitazama ukutani. Alisema hapa hana chombo cha kutazama ndani ya utumbo, lakini anaujua ugonjwa huu: utumbo unapata uvimbe na vidonda, na uvimbe huo huo unatoka kwenda kwenye viungo. Ni ugonjwa mmoja, wenye milango miwili.

"Na mutu anaweza kuuwekewa?" baba aliuliza. "Mu chakula?"

"Wapi, Papa. Hakuna mutu alimuwekea. Ni mwili yake njo inapigana na matumbo yake." Kisha daktari akauliza, "Dawa gani mulikuwa munamupa juu ya magoti?"

Baba akatoa pakiti mfukoni. Aliitoa kwa fahari kidogo, mtu aliyejitahidi. Daktari aliisoma, akaigeuza, akaiweka mezani taratibu.

"Papa, iyi inatulizaka magoti, mais inaumizaka matumbo. Kwa mutu wa ugonjwa huu, inaweza kuleta damu mingi. Muiache kabisa."

Baba alikaa ameshika magoti yake mwenyewe. Daktari akaandika vidonge vingine, vya njano, vya kutafutwa kwa wafanyabiashara wanaokwenda Uganda, na vilipopatikana nilianza kupona polepole, tumbo na magoti kwa pamoja. Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi kwa miguu tu.

Baba hakwenda dukani. Alikaa sebuleni, akasali, akala kidogo. Barabara ya Eringeti ilikuwa mbaya wakati ule. Watu walikuwa wanateremka kutoka Ituri na godoro kichwani, wanasimulia mambo ya kutisha. Hiyo ilikuwa sababu nzuri ya kungoja, na baba aliitumia. Nilivumilia mpaka nikashindwa. Nilimwambia neno ambalo mtoto hamwambii baba yake.

"Papa, mama mudogo balimunyanganya kazi ya mukono yake sababu yetu. Unangoja afe, nani atamwambia?"

Hakunikaripia. Tulipanda lori lililokuwa linapeleka chumvi na sabuni.

Eringeti ilikuwa imejaa wakimbizi wa vita, hema za maturubai hadi kwenye ukingo wa barabara. Nilishuka kwenye lori bila kushikwa, baba akanitazama, akageuza uso. Mama mdogo tulimkuta nje ya nyumba yake ya udongo, mbele yake mafungu ya maharagwe na unga wa mihogo. Vyote vibichi. Alikuwa amezeeka upesi. Uani mwake familia mbili za wakimbizi zilikuwa zimewasha moto, zinapika, na yeye alikuwa amekaa mbali nao.

Baba alisema akiwa amesimama, kofia mkononi. Alisema yote: ugonjwa, daktari, vidonge vya mfukoni mwake. "Si weye, shemeji," alimaliza. "Haikukuwa weye hata siku moja. Ni mie."

Nilidhani atalia, au atatufukuza. Ningefurahi kama angetufukuza. Alikaa akipanga upya fungu la maharagwe ambalo lilikuwa limepangika.

"Kumbe si mie," alisema.

"Si weye."

"Mie nilikwisha kuamini." Alisema hivyo polepole, akinitazama mimi, si baba. "Nilisema, pengine iko mu mukono yangu, na mie sijue. Banasema kuko bantu ba vile. Ulikulaka kwangu, ukagonjwa. Dada yangu aliamini, na yeye alinijua tangu utoto. Basi nikatupa sufuria. Hawa batoto ba bakimbizi banakuyaka kulia njala hapa. Minabapa unga, minabaambia, mutafute mwengine abapikie."

Hapo ndipo nilipoelewa jinsi alivyonitazama siku ile kitandani. Alikuwa ananiogopea mimi, akiihofia mikono yake mwenyewe. Nililia pale barabarani, mbele ya watu wasionijua, na sikujali.

Baba alikaa chini, kwenye udongo, na suruali yake ya kanisani. "Shemeji," alisema, "tuko na njala. Utupikie."

Alinyanyuka. Alichota unga kwa mikono miwili, akaenda nao hadi penye moto wa wakimbizi, ambapo mama mmoja alimsogezea sufuria yenye maji yanayochemka. Alisimama pale. Mvuke ulimpanda usoni. Tulimwona anavyojitahidi, midomo yake inatembea. Kisha akarudi na unga wake, akaumwaga tena kwenye fungu, akajipangusa viganja.

"Hapana," alisema. "Mukulie kwa jirani."

Yule mama wa moto akatupikia. Tulikula baba na mimi kwenye sahani moja, na mama mdogo alikaa mlangoni pake, akitungoja tumalize.